Naunga kompyuta yangu ya kwanza ya gemu na filamu: OptiPlex ya mtumba au nianze upya?

Chumbageni Boy

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Tanga, mshahara wa kawaida, nimejibana tangu mwaka jana mpaka nikapata 1.8m. Nataka kuunga kompyuta yangu ya kwanza, ya kukaa sebuleni. Matumizi ni mawili. Usiku nikitoka kazini nacheza gemu (GTA V na FC, na mdogo wangu ananisumbua na Valorant). Muda mwingine ni filamu na mpira kwa familia nzima. TV ninayo, inchi 43, 4K, kwa hiyo monita haimo kwenye hiyo bajeti.

Kuna jamaa Kariakoo anauza Dell OptiPlex 9020 za mtumba kutoka Ulaya, i7 ya kizazi cha 4, RAM 16GB. Bei yake poa sana, ukiongeza GPU (kadi ya picha) chenji inabaki. Jamaa mwingine mtaani anasema achana na hayo makopo, unga Ryzen kuanzia chini.

Nimeangalia video mpaka kichwa kinauma. Kila mtu anaanza na prosesa. Naomba mnisaidie mawili tu: nianzie wapi, na ni wapi nisijaribu kabisa kubana hela. Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Sinza

PS5 mkuu. Unachomeka, unacheza, unalala. Haya mambo ya kuunga ni kujitafutia presha.

Chumbageni Boy

Mkuu PS5 haifungui Excel ya ofisi. Na bei za gemu zake unazijua.

Mzee wa Nondo

Dogo, swali lako la pili ndilo la maana. Usibane kwenye pawasaplai. Na hiyo hiyo ndiyo sababu siipendi 9020 kwa gemu, ingawa kwa kazi za kawaida ni mashine imara kuliko nyingi zinazouzwa mpya madukani.

Mwambie huyo jamaa afungue kifuniko uangalie waya unaotoka kwenye pawasaplai kwenda kwenye madabodi. Mashine ya kawaida ya ATX (muundo wa kompyuta nyingi za mezani) ina plagi ya pini 24. Ile Dell ina pini 8 za kwake mwenyewe. Toleo la mnara linakuja na pawasaplai ya wati 290, na ndani hukuti ule waya wa pini 6 au 8 wa kulisha GPU. Maana yake utanunua kadi inayokula kutoka kwenye sloti tu (tundu la kadi kwenye madabodi), na sloti ya PCIe mwisho wake ni wati 75. Hapo umebakiwa na GTX 1050 Ti, au zile GTX 1650 zisizo na tundu la umeme juu (zipo zenye tundu, angalia vizuri). Siku ukitaka kupanda, huwezi kwenda dukani ukachukua pawasaplai yoyote, labda utafute waya wa kugeuza pini. Waya huo upo na unafanya kazi, ila sasa umeanza kuweka viraka kwenye mashine ya mwaka 2013.

La pili ni Windows. Windows 10 Microsoft waliifungia msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Hiyo i7 yako ni kizazi cha 4. Mafundi watakwambia inaingia tu, na kweli inaingia kwa kulazimisha, lakini Valorant ikiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka) viwe hai. Mdogo wako ataishia kusoma ujumbe wa kosa.

Sasa pawasaplai yenyewe. Kuna zile zinazokuja bure ndani ya keisi, au zinazouzwa bei ya mbuzi wa kufa, ubavuni zimeandikwa 600W kwa herufi kubwa. Usisome herufi kubwa. Igeuze utafute kibandiko chenye jedwali, nenda kwenye safu ya +12V, angalia ampea. Zidisha mara 12. Ukikuta 18A, hiyo ni wati 216, haijalishi nje wameandika nini, kwa sababu prosesa na GPU vyote vinakula kwenye +12V. Pawasaplai ya kweli ya 550W utaikuta na ampea 40 na kitu. Ishike mkononi pia. Nzito haimaanishi nzima, lakini nyepesi kama boksi tupu irudishe pale pale.

Halafu kuna kile kiswichi chekundu nyuma, 115/230. Pawasaplai nzuri za siku hizi hazina, zinajirekebisha zenyewe. Ukikuta chenye kiswichi, kwanza ni dalili kwamba ni ya muundo wa zamani, pili hakikisha kipo 230 kabla hujachomeka ukutani. Kikiwa 115 ukachomeka kwenye umeme wetu utasikia mlio mmoja tu.

Ile nembo ya 80 Plus Bronze, Gold na kadhalika inapima ni kiasi gani cha umeme kinapotea kuwa joto. Haipimi uimara wala haikuhakikishii kinga za ndani. Ni dalili nzuri, basi. Tafuta jina ambalo watu wamelifungua na kulipima, na dukani uliza warantii. Anayeuza pawasaplai kwa warantii ya miaka anajua anauza nini.

Kuhusu wapi pa kuanzia: anza na TV yako. 4K ni pikseli milioni 8.3 hivi, mara nne ya 1080p. Kwa 1.8m hutaunga mashine ya kuzisukuma zote kwenye gemu kubwa. Cheza 1080p. Bahati nzuri mistari 2160 ya 4K ni 1080 mara mbili kamili, kwa hiyo picha haivurugiki sana TV ikiikuza, na ukikaa kwenye kochi hutaona tofauti ya kukukosesha usingizi. Washa tu ile hali ya gemu kwenye TV, bila hivyo kitufe unabonyeza sasa hivi, mchezaji anapiga shuti kesho. Ukishajua unalenga 1080p, chagua GPU inayotosha hapo. Prosesa inafuata GPU, si kinyume.

Mdau wa Mbagala

Mzee heshima yako, ila hapo kwenye 9020 unamtisha dogo bure. Mimi ninayo na GTX 1650, GTA V inapiga bila wasiwasi, FC vilevile, mwaka wa pili huu. Hela niliyotumia ni nusu ya bajeti yake. Watu tunacheza, hatushindani.

Mzee wa Nondo

Mbagala, sikupingi. Angekuja na nusu ya hiyo hela ningemwambia achukue kama ya kwako afunge mjadala. Lakini ana 1.8m. Kwa nini anunue mlango uliofungwa?

Na kama mtu bado anataka OptiPlex, basi achukue ya kizazi cha 8, yaani 3060, 5060 au 7060. Zile Windows 11 inaingia kihalali. Angalizo: OptiPlex 3060 ni jina la kompyuta ya Dell, RTX 3060 ni GPU ya Nvidia. Kuna tangazo nimeliona limeandikwa "PC 3060 i5 gaming" na ndani hakuna kadi yoyote. Muuzaji hajadanganya, ila hajasema kweli pia.

Mwana Kongowea

Salaam aleikum jamaa zangu wa Bongo. Mimi niko Mombasa, wacha niseme juu ya upande wa filamu maana naona nyote mwakimbilia gemu.

Huyo ndugu ana familia. Filamu za 4K siku hizi ni HEVC ya biti 10, na YouTube yazidi kuhamia AV1 (hizo mbili ni namna za kubana video). Chipu ikiwa haina sehemu maalumu ya kufungua hizo, kazi yote yaangukia prosesa: feni yalia, picha yakatika. Ile i7 ya kizazi cha 4 haina hiyo sehemu ya kufungua HEVC. Intel walianza kufungua HEVC ya biti 10 ipasavyo kizazi cha 7, na AV1 kizazi cha 11. Ukiweka GTX 1650 itakusaidia kwa HEVC, kwa AV1 haitakusaidia. Upande wa AMD, RX 6600 yafungua AV1. RX 6500 XT haifungui, japo ni kadi ya mwaka 2022, na tena ina njia nne tu za PCIe, kwa hiyo ukiichomeka kwa bodi ya PCIe 3.0 yazidi kuumia. Hiyo iepuke kama ugonjwa.

Kwangu nimetenganisha. Sebuleni pana kisanduku kidogo cha Intel N100, kimefungwa nyuma ya TV. Hiyo chipu imekadiriwa wati 6, yafungua AV1, tokeni za stima hazisikii. Filamu zangu zote ziko kwa diski moja, nimeweka Jellyfin (programu ya kusambaza filamu nyumbani), kila mtu nyumbani aangalia kwa simu yake au TV bila kulipa mtu. Mashine ya gemu iko chumbani na huwashwa nikitaka kucheza tu. Mama watoto hawezi kungoja mimi nimalize mechi ndio aone tamthilia yake.

Na jambo lingine, nyinyi watu wa Tanga ni wa bahari kama sisi. Hewa ya chumvi haina huruma. Skrubu za keisi zashika kutu, matundu ya USB yageuka kijani. Usiweke mashine chini sakafuni wala dirishani kwa upepo wa bahari. Nunua keisi ya wavu mbele yenye kichujio cha kutoa na kuosha, feni mbili za kuvuta mbele na moja ya kutoa nyuma, hivyo hewa yaingia kupitia kichujio badala ya kuvutwa na vumbi kupitia nyufa. Ukipuliza vumbi, shika feni kwa kidole isizunguke. Na zile keisi za kioo mbele, zenye taa za disko, ziwache kwa watu wa Limuru wenye baridi.

Chumbageni Boy

Dah, hii ya feni kulia ndiyo hali ya laptop yangu ya sasa, nilidhani ni virusi. Ahsante ndugu wa Mombasa.

Ila kuwa na mashine mbili bado sijafika huko. Moja ifanye yote kwanza.

Silikoni Kavu

Naona ushauri wa Ryzen utamsukuma kwenye AM4, yaani soketi (tundu la prosesa kwenye madabodi) ya Ryzen za zamani. Hiyo soketi ni ya 2016 wakuu, imeshazeeka. Nenda AM5, ile mpya, AMD wenye Ryzen wenyewe wamesema wataendelea nayo mpaka 2027 na zaidi. Unaanza na Ryzen 5 8600G, ina Radeon 760M ndani, huhitaji GPU mwanzoni. Miaka mitatu mbele unabadilisha prosesa tu.

Mzee wa Nondo

Silikoni, kwenye karatasi uko sahihi. Tatizo ni RAM. AM5 inakubali DDR5 tu (RAM ya kizazi kipya, AM4 inatumia DDR4), na tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM duniani zimepaa kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya AI. Micron walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaacha kabisa kuuza bidhaa zao za Crucial, RAM zikiwemo, kwa watu wa kawaida kama sisi. DDR4 nayo imepanda, lakini DDR4 ina kitu ambacho DDR5 haina hapa kwetu: mitumba. Kila ofisi inayotupa mashine za kizazi cha 6 mpaka cha 9 inamwaga DDR4 sokoni. Hakikisha tu ni zile ndefu za deskitopu, fupi ni za laptop na haziingii. Na za 9020 ni DDR3, hizo hazikusaidii.

Kwa 1.8m, ukienda AM5 hela yote inaishia kwenye bodi na RAM, halafu unabaki kucheza na grafiksi za ndani ya prosesa ukisubiri GPU ya mwakani. Dogo anataka kucheza mwezi huu.

Chumbageni Boy

Wakuu nimeshinda Kariakoo Jumamosi, nimekuja na mapendekezo. Mnipasue:

Prosesa Ryzen 5 5600 mpya. Madabodi B450 used. RAM 16GB kijiti kimoja, used. GPU RX 580 8GB, muuzaji anasema haijawahi kuchimba sarafu za kidijitali. SSD (diski ya kuhifadhia) nimeona mtandaoni ya 4TB kwa bei ya kutupa. Keisi nyeusi ya wavu inakuja na pawasaplai yake ya 600W. Nikijumlisha inabaki laki na kitu.

Silikoni Kavu

"Haijawahi kuchimba." Hahaha. Hakuna RX 580 iliyowahi kukiri.

Mzee wa Nondo

Tunapasua taratibu.

5600 ni chaguo zuri. Nyuzi 12 (inashika kazi 12 kwa pamoja), wati 65, feni yake inakuja kwenye boksi na inatosha. Ila ujue haina grafiksi ndani. Bila GPU, TV inabaki nyeusi, na siku kadi ikifa huna hata pa kuandikia barua. Mwenye kununua kwa awamu achukue 5600G, ile ina picha ndani na unaweza kukaa nayo mpaka upate hela ya kadi. Unalipia hilo: kashe yake ya L3 (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ni MB 16, ya 5600 ni 32, na G inaishia PCIe 3.0. Wewe hela ya kadi unayo, baki na 5600. Herufi ndogo hizi ndizo zinazoliza watu. Upande wa Intel ni F, i3-12100F haina picha, 12100 isiyo na F inayo na inafungua AV1.

B450 ni sawa, lakini ni bodi ya 2018 na 5600 ni prosesa ya 2022. Kama BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi) haijawahi kusasishwa, haitawaka. Utabadilisha RAM, utabadilisha waya, utamlaani muuzaji wa prosesa, kumbe bodi haimtambui mgeni. Mwambie anayekuuzia aichomeke prosesa yake ya zamani, asasishe BIOS mbele yako, halafu aweke 5600 uone picha. Akisema hana muda, na wewe huna hela.

Kijiti kimoja cha 16GB, hapana. Chukua viwili vya 8GB. Prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja, na kwenye gemu utaiona tofauti hasa kwenye zile sekunde ambazo picha inakwama. Kwa anayetumia 5600G bila kadi ni lazima kabisa, maana grafiksi zake zinakula RAM hiyo hiyo. Viweke kwenye sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, kisha ingia BIOS uwashe XMP. Usipoiwasha, RAM ya 3200 inaweza kukaa kwenye 2133 au 2666 maisha yake yote na hakuna atakayekwambia.

SSD ya 4TB bei ya kutupa ni feki. Ndani wanaweka kikadi cha kumbukumbu kidogo na programu inayoidanganya Windows kwamba kuna 4TB. Unaandika, inakubali, ukirudi faili ni maganda. Kuna kiprogramu cha bure kinaitwa H2testw kinaandika diski nzima na kusoma upya, kitakuonyesha ukweli. Lakini bora usifike huko. Chukua 1TB ya NVMe (aina ya SSD yenye kasi) ya jina linalojulikana, dukani, na risiti. Filamu ziweke kwenye diski ya kuzunguka baadaye.

GPU. RX 580 ni ya 2017 na inakula wati 185. RX 6600 ni ya 2021, ina kasi zaidi na inakula 132. Hiyo tofauti utaiona kwenye LUKU na utaisikia kwenye feni, na AV1 aliyoisema Kongowea RX 580 haina. Ile laki na kitu inayobaki iongeze hapa, tafuta RX 6600 used. Na hata ukishikilia 580, kuna mbili: ya kweli ina shada (viini vidogo vya kuchora picha) 2304, nyingine ni 2048SP iliyotoka kwa soko la China na ni ndogo. Jina kwenye boksi mara nyingi ni lile lile.

Na pawasaplai ya bure. Dogo, tumesoma wote hapa?

Chumbageni Boy

Mzee nisamehe, niliona kwenye jumla imeshakaa vizuri. Nimempigia jamaa, nimemwambia anitumie picha ya kibandiko. +12V ni 20A.

Mzee wa Nondo

240W. Sasa fanya hesabu. RX 6600 ni 132. Hiyo 5600 ya wati 65 hufika 76 ikikaza. Hapo ni 208. Bodi, RAM, SSD na feni weka 50 kwa makadirio. Uko karibu 260, na GPU ina tabia ya kuruka juu ghafla, kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, zaidi ya kiwango chake. Ile ya bure itazima mashine katikati ya mechi ukiwa na bahati. 550W ya kweli inakutosha na kesho ukitaka kadi kubwa bado ipo. Keisi nunua, pawasaplai yake mwachie.

Na kama ni zile za waya za kuchomoa, usiwahi kuchanganya waya za pawasaplai moja na nyingine. Plagi zinafanana, mpangilio wa ndani haufanani. SSD nyingi zimekufa hivyo.

Mdau wa Mbagala

Tuzungumzie na TANESCO basi, maana huku kwetu ukikata unarudi kama radi. Friji gadi inatosha au lazima UPS?

Mzee wa Nondo

Friji gadi inafanya jambo moja la maana: umeme ukishuka au ukipanda sana inakata, na ukirudi inasubiri kwanza utulie. Kwa TV na kompyuta ni bora kuliko kuchomeka ukutani moja kwa moja. Lakini umeme ukikatika, mashine inazimika pale pale, na kama Windows ilikuwa inasasisha, pole.

UPS ndogo (kisanduku chenye betri) ya 650VA husukuma wati 325 hadi 390 hivi, na kwa mashine ya 260W inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Hiyo ndiyo kazi yake, si kumalizia mechi. Usichomeke TV ya inchi 43 na spika humo humo. Betri yake ni ya asidi, joto la pwani linaiua mapema, iweke penye hewa. Baadhi ya pawasaplai hazielewani na UPS za bei ndogo kwa sababu wimbi la umeme wake ni la ngazi, si laini. Ukiona mashine inazimika kila UPS inaposhika, sababu ni hiyo.

Kwa wenye kuogopa LUKU: wati 250 kwa saa nne ni uniti moja. Ukicheza kila siku ni uniti 30 kwa mwezi. Uliye kwenye D1 (bei nafuu ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi), toa 30 kwenye zile 75 uone friji na pasi vinabaki na ngapi.

Bint Muttrah

Niko Muscat, kaka yangu yuko Tanga nami huwa namletea vitu. Ndugu mwanzisha uzi, kama una mtu wa kuja kutoka huku au Dubai, GPU na SSD zinabebeka vizuri kwenye begi la mkononi, na soko la mitumba ya gemu huku ni kubwa. Plagi ni zile zile za pini tatu na umeme ni 240, kwa hiyo hata pawasaplai ya huku haina shida. Kikwazo ni warantii, ikiharibika inabidi irudi huku. Kitu chepesi cha thamani kiagize, keisi na UPS nunua huko huko, uzito wake utalia nao uwanja wa ndege.

Na kwa huyo mdogo wako wa Valorant, GPU haipunguzi ping (muda wa kufika kwenye seva na kurudi). Seva ziko mbali, hilo litategemea intaneti na njia yake. Mchomekee waya, aache Wi-Fi.

Chumbageni Boy

Shukrani dada. Nina shemeji anatoka Dubai mwezi ujao lakini sitaki kumbebesha kadi ambayo sijaiona kwa macho.

Nimepata RX 6600 used pale pale Kariakoo, bei inaingia nikiacha ile 580. Jumamosi narudi. Naipimaje pale dukani bila kuonekana mshamba?

Mzee wa Nondo

Onekana mshamba tu, hela ni yako.

Kwanza macho. Angalia skrubu nne zinazoshika kichwa cha feni nyuma ya kadi: kama zimechubuka, imefunguliwa. Kufunguliwa si kosa, wengine hubadilisha pesti ya kupitisha joto, ila muulize. Zungusha feni kwa kidole, isikwaruze wala isicheze upande. Nusa. Kadi iliyoungua ina harufu ambayo haitoki hata ikioshwa. Angalia meno ya dhahabu ya chini na matundu ya picha: RX 6600 ina HDMI na DisplayPort. Ukiona kadi yoyote ya kisasa ina tundu la VGA la bluu, weka chini uondoke. Kulikuwa na GTX 1050 Ti nyingi za hivyo mtaani, ndani ni kadi za miaka ya 2010 zilizobadilishwa jina kwenye BIOS.

Kisha waiweke kwenye mashine yao. Nenda na flashi yenye GPU-Z (inasoma utambulisho wa kadi) na FurMark (inaikaza kadi kuipima). GPU-Z ifunguke: jina, GB 8, shada 1792. Kadi iliyobadilishwa jina GPU-Z huandika FAKE mbele ya jina. FurMark iache robo saa, usikubali dakika mbili. Tazama nyuzi joto, sikiliza feni, angalia kama kuna vidoti vya rangi au picha inakatika. Muuzaji akianza kusema umeme wa jenereta hautoshi, mwambie utarudi kesho umeme ukiwepo.

Na siku ya kuunga nyumbani, kabla ya skrubu yoyote, tandaza bodi juu ya boksi lake, weka prosesa, RAM na GPU, chomeka pawasaplai, gusanisha pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Ukiona BIOS kwenye TV ndipo uingize kwenye keisi. HDMI ichomeke kwenye GPU, siyo ile ya kwenye madabodi.

Mwana Kongowea

Na ukitoa feni ya prosesa siku moja, izungushe kidogo kushoto na kulia kwanza ndio uivute, mashine ikiwa ingali na joto. AM4 prosesa hutoka nayo ikiwa imegandia kwa pesti, pini zikapinda zote.

Chumbageni Boy

Nimenakili yote kwenye daftari. Swali la mwisho wakuu: kwenye ile pawasaplai mpya ya 550W, waya wa prosesa umeandikwa 4+4 na wa GPU 6+2. Naona vyote vina pini 8. Vinaingiliana?

Mzee wa Nondo

Havifanani, na usilazimishe. Soma maandishi: CPU au PCIe. Ule wa CPU unagawanyika katikati, nne na nne. Wa GPU unabandukia pini mbili pembeni. Ukiona unahitaji nguvu ya mkono wote kuuingiza, umeshika sio. Tuma picha hapa kabla hujawasha.

Kijana wa Sinza

Mimi nipo PS5 yangu nasubiri picha pia.